Mwezi wa Historia ya Watu Weusi chuoni Marekani: mwongozo kamili kwa kamati ya wanafunzi

Mwezi wa Historia ya Watu Weusi huadhimishwa Februari, lakini programu zake nyingi huharibika tangu Septemba. Kamati inakaa, inaorodhesha mashujaa wa taifa zima, Martin Luther King, Rosa Parks, Harriet Tubman, kisha inatafuta shughuli ya kumpachikia kila mmoja. Yanatoka mabango ambayo yangeweza kubandikwa katika chuo chochote, na kwa sababu hiyo hakuna anayesimama kuyasoma. Mwongozo huu unapita njia nyingine. Unaanza na nyaraka za chuo chenyewe, unachagua shughuli tatu au nne tu, na kila shughuli unaipa fedha, chumba na mtu mmoja wa kuulizwa kabla ya likizo ya Krismasi. Tumewalenga wanafunzi wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani, ambao chama chao cha Waafrika Mashariki au cha Wakongo kimealikwa kushiriki, lakini hatua ni zilezile kwa kamati yoyote.

Kwanza, jueni mwenyeji ni nani

Carter G. Woodson, mwanahistoria aliyeanzisha mwaka 1915 chama cha kutafiti historia ya Wamarekani Weusi, alitangaza wiki ya historia hiyo mwaka 1926. Aliiweka katika wiki ya pili ya Februari kwa sababu Wamarekani Weusi walikuwa tayari wakiadhimisha siku mbili humo: tarehe 12, aliyozaliwa Abraham Lincoln, na tarehe 14, ambayo Frederick Douglass, mpigania kukomeshwa kwa utumwa, alijichagulia mwenyewe kuwa ya kuzaliwa, maana alizaliwa utumwani na siku yake halisi hakuijua. Wiki ikawa mwezi kwa kazi ya wanafunzi. Februari 1969 chama cha Black United Students cha Kent State University, Ohio, pamoja na walimu Weusi wa hapo, kilipendekeza mwezi mzima, na mwaka 1970 ukaadhimishwa. Rais Gerald Ford aliutambua rasmi mwaka 1976.

Kwa hiyo mwenyeji wa Februari ni chama cha wanafunzi Weusi wa Marekani, ambacho katika vyuo vingi huitwa Black Student Union. Chama cha wanafunzi kutoka Afrika ni mshiriki. Hili huonekana dogo mpaka linapovunja urafiki: chama cha Waafrika kinachukua Jumamosi nzuri kuliko zote kwa onyesho la mitindo, vitenge vinameremeta, ukumbi unafurika, na historia ya watu waliopigania kuingia katika chuo hicho inasukumiwa Jumanne asubuhi. Usiku wa Afrika uwekeni Aprili. Februari leteni kile kinachounganisha kweli.

Nacho kipo. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya ilipeleka Marekani wanafunzi 81 kutoka Kenya. Fedha zilichangwa kwa barua ya maombi iliyotiwa saini na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Wangari Maathai alikwenda mwaka 1960 kupitia safari hizo za wanafunzi, akasoma Atchison, Kansas. Wanafunzi hao walitawanyika katika vyuo vingi, vikubwa na vidogo, na huenda mmoja wao yumo katika kitabu cha picha cha mwaka cha chuo chenu. Kwa upande wa pili, Bob Moses, mmoja wa waliosimamia uandikishaji wa wapiga kura Weusi huko Mississippi, alikwenda Tanzania mwaka 1969 na kufundisha hisabati hadi 1976. Malcolm X alifika Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1964. Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika Dar es Salaam, na Wamarekani Weusi wengi wakasafiri kuhudhuria. Bango moja juu ya hayo, likitengenezwa vizuri, lina uzito kuliko onyesho zima la mavazi.

Kalenda, na kwa nini Krismasi ndiyo mwisho

Mihula mingi ya Marekani hufungwa katikati ya Desemba na kufunguliwa katikati ya Januari. Mkirudi mna wiki mbili tu. Kazi inayohitaji idhini ya ofisi yoyote ikiwa haijaanza kabla ya likizo, haitafika.

Septemba fanyeni kikao cha kwanza na watu wanne wasiokosekana: mwakilishi wa Black Student Union, mkutubi wa idara ya nyaraka maalumu, mwalimu kutoka idara ya masomo ya Weusi au ya historia, na afisa wa shughuli za wanafunzi. Kamati ya watu 5 hadi 7 inatosha. Kila shughuli iwe na mtu mmoja mwenye jina. Shughuli ya "sisi sote" haina mwenyewe.

Oktoba pelekeni ombi la fedha kwenye serikali ya wanafunzi na wekeni vyumba. Katika vyuo vingi ombi kubwa husikilizwa mara moja tu kwa muhula, hivyo ulizeni tarehe ya mwisho kabla hamjaandika mstari wa kwanza wa bajeti. Novemba ni ya mikataba ya wageni. Kabla ya kufunga, maandishi ya maonyesho yawe yamekwisha kusomwa na watu wawili wasio wa kamati. Januari ni ya kuchapisha na kutangaza.

Mnapochagua tarehe kuna vizingiti vinne. Jumapili ya pili ya Februari kwa kawaida ni fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl. Hata wasiopenda mpira hawatakuja. Mitihani ya kati ya muhula huanza mwishoni mwa mwezi. Majimbo ya kaskazini yana theluji inayofunga chuo ghafla, kwa hiyo kila shughuli yenye mgeni iwe na tarehe ya akiba iliyoandikwa ndani ya mkataba. Na Ramadhani: kwa kuwa hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, mwaka 2027 inategemewa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 mwishoni mwa Januari. Miaka hii shughuli yoyote yenye chakula ianze baada ya magharibi. Katika sehemu kubwa ya Marekani jua la Februari huzama kati ya saa 11 na saa 12 na nusu jioni. Wekeni tende na maji mlangoni na mtakuwa mmewaheshimu wengi kwa dola chache.

Bajeti ya kuanzia kwa chuo cha kawaida, ambayo mtaipunguza au kuiongeza, ni hii: maonyesho dola 900, siku ya kunakili nyaraka 250, mgeni mmoja na safari yake 1,800, chakula cha watu 60 dola 1,050, akiba 500. Jumla 4,500. Akiba isiguswe kabla ya Februari. Kinachoila karibu kila mara ni gharama zilizofichwa za chuo chenyewe: fundi wa sauti baada ya saa za kazi, mlinzi, na usafi wa ukumbi. Ombeni bei hizo kwa maandishi mnapoweka chumba.

Maonyesho ya historia ya chuo chenu

Hii ndiyo shughuli ya kuipa nguvu nyingi, kwa sababu hakuna mwingine duniani atakayeifanya. Kila chuo cha Marekani, hata kile kilichokuwa cha Weupe watupu hadi juzi, kina historia ya Weusi: wapishi na wafagizi waliokiendesha, mwanafunzi mmoja aliyeishi chumba cha kupanga mjini kwa sababu hakuruhusiwa bwenini, timu ya riadha, mgomo.

Mwombeni mkutubi wa nyaraka vitu vitano: vitabu vya picha vya kila mwaka, gazeti la wanafunzi, programu za mahafali, barua za ofisi ya mkuu wa chuo, na masanduku ya vyama vya wanafunzi. Ombeni wiki sita kabla, maana masanduku mengi huhifadhiwa ghala la mbali. Rekodi za masomo za mtu binafsi hamtapewa. Sheria ya faragha ya FERPA inazilinda, na hamzihitaji.

Anzeni na miaka ya 1967 hadi 1972. Ndiyo miaka ambayo wanafunzi Weusi waliandika madai na kuyapeleka kwa wakuu wa vyuo. Wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, waliteka jengo la utawala Machi 1968. San Francisco State waligoma kuanzia Novemba 1968 hadi Machi 1969, wakapata kitivo cha masomo ya makabila. Cornell walishika jengo la wanafunzi la Willard Straight Hall Aprili 1969. Vyuo vingi vidogo vilikuwa na madai yao ambayo hayakufika magazetini: walimu Weusi, mtaala, kinyozi anayejua kukata nywele zao. Tafuteni karatasi yenyewe. Ikipatikana, ichapisheni kubwa kama ilivyo, na pembeni ya kila dai andikeni lilitimizwa lini, nusu, au bado. Bango hilo moja litawasimamisha watu kuliko mengine yote, na litamfanya mkuu wa chuo aje mwenyewe kulisoma. Hakikisheni tu kila tarehe ya utekelezaji ina hati nyuma yake, kwa sababu ofisi yake itaikagua.

Mtego mkubwa wa maonyesho ya aina hii ni neno "wa kwanza". Kamati huandika kwamba fulani ni mwanafunzi wa kwanza Mweusi kuhitimu, na wiki moja baadaye familia ya mtu aliyemtangulia miaka ishirini inapiga simu. Hata kwenye ngazi ya taifa mambo hayako wazi. Edward Jones wa Amherst na John Russwurm wa Bowdoin, wote wahitimu wa mwaka 1826, wamekuwa wakitajwa sana kuwa wa kwanza, ilhali Alexander Twilight alihitimu Middlebury mwaka 1823. Orodha za zamani hazikuandika rangi ya mtu, na wengine walipita bila kutambuliwa. Andikeni "wa kwanza anayefahamika katika nyaraka za chuo", na chini yake wekeni anwani ya barua pepe ya idara ya nyaraka kwa mwenye habari zaidi. Kosa linageuka kuwa mchango.

Sasa skani. Hapa ndipo picha nzuri huharibika. Picha ndogo ya kitabu cha mwaka yenye upana wa inchi 2 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi hutoa pikseli 1,200 tu. Ukiikuza iwe inchi 12 kwenye bango, umebaki na nukta 100 kwa inchi, na uso unakuwa ukungu. Iskanini kwa 1,200: mtapata pikseli 2,400, yaani nukta 200 kwa inchi kwenye upana uleule, na kwa jicho lililo umbali wa mita moja hiyo inatosha. Hifadhini nakala kuu kwa TIFF, na ya kazi kwa JPEG. Picha za vitabu zilizochapishwa kwa vitone, kama za magazeti, hutoa mawimbi ya ajabu zikiskaniwa. Washeni kichujio cha kuondoa vitone kwenye skana, au mzungusheni ukurasa nyuzi chache kisha mnyooshe picha kwenye programu. Msitumie picha zilizopigwa na simu chini ya taa za maktaba isipokuwa kwa kumbukumbu zenu wenyewe. Nyaraka asilia zibaki kwenye sanduku. Onyesheni nakala, maana mwanga wa ukumbi wa kawaida huzichuja rangi.

Kuhusu haki, kazi iliyochapishwa Marekani kabla ya 1978 bila tangazo la hakimiliki kwa kawaida haina mmiliki tena, na vitabu vingi vya mwaka viko hivyo. Geuzeni ukurasa wa pili muangalie alama ya © kabla ya kuamua. Picha za magazeti ya mjini ni jambo jingine, hizo zina mwenyewe na bei. Na hata pale sheria inaporuhusu, mtu aliye hai apigiwe simu kabla uso wake haujatundikwa ukumbini. Kuna wahitimu ambao chuo hicho kiliwaumiza na hawataki kusherehekewa nacho. Jibu lao la hapana ni hapana.

Mabango kumi ya inchi 24 kwa 36 yanatosha ukumbi wa maktaba. Yachapisheni kwenye ubao wa povu wenye unene wa mm 5, na yawekwe mbali na mabomba ya kupasha joto, maana hukunjamana kwa siku mbili. Kwa makadirio wekeni dola 40 hadi 70 kwa kila bango katika duka la uchapaji la chuo. Chapeni moja kwanza, litundikeni, mlisome mkiwa hatua tatu nyuma, ndipo mchape tisa yaliyobaki. Kila bango liwe na kichwa cha herufi za pointi 100 au zaidi, maandishi makuu ya pointi 30 hivi, maneno yasiyozidi 120, picha moja kubwa na ndogo mbili kwa wingi. Maelezo ya picha yaseme nani, wapi, lini, na picha imetoka sanduku gani. Wanafunzi wa historia hupenda kuandika maneno 400 kwa bango. Wakateni bila huruma, na kilichobaki kiwekwe kwenye ukurasa wa maktaba wenye msimbo wa kuskani kwa simu.

Katikati ya bango iwe sentimeta 145 hadi 152 kutoka sakafuni, na njia kati ya vibao isipungue sentimeta 91 ili kiti cha magurudumu kipite. Mfunguo uwe wa saa moja na nusu, siyo zaidi, na hotuba zisizidi dakika 15 zote kwa jumla. Mtu wa kuzungumza ni mhitimu mzee aliyemo kwenye picha, kama yupo na amekubali. Mpeni kiti, kipaza sauti cha kushika mkononi na mwanafunzi mmoja wa kumuuliza maswali matatu aliyopewa kabla.

Tarehe 14: siku ya Douglass

Mwalimu Mary Church Terrell aliianzisha siku ya Douglass katika shule za Weusi za Washington mwaka 1897, miaka miwili baada ya Douglass kufariki. Katika miaka ya karibuni imefufuliwa kwa namna inayofaa sana vyuo. Watu katika vyuo na maktaba nyingi hukaa mchana mmoja na kunakili kwenye intaneti nyaraka za historia ya Weusi zilizoandikwa kwa mkono, ili ziweze kutafutwa na kusomwa. Waandaaji wakuu hutangaza mkusanyo wa nyaraka na jukwaa la mwaka huo. Kamati za vyuo hujiandikisha na kufungua vyumba. Mwaka tarehe 14 ikiangukia Jumapili, kama 2027, wapeni wanafunzi wenu nafasi kwa kufuata ratiba mtakayotumiwa.

Chumba kiwe na meza za watu wanne wanne, soketi za umeme kwa kila meza, na akaunti za wageni za intaneti zilizoombwa wiki moja kabla. Hili la mwisho ndilo huzima shughuli nyingi: wazee wa kanisa la jirani wanakuja kwa moyo mmoja, hawana namna ya kuingia kwenye mtandao wa chuo, wanakaa wanakula keki. Azimeni kompyuta tano za maktaba kwa ajili yao. Keki, kwa njia, ni sehemu ya mila ya siku hiyo, kwa kuwa ni siku ya kuzaliwa.

Fanyeni kazi wawili wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anachapa, na wanabadilishana kila ukurasa. Mtu peke yake huchoka baada ya dakika ishirini na kufungua simu. Kanuni ya msingi ni kuandika unachokiona. Jina likiwa limeandikwa kwa tahajia tatu tofauti katika barua moja, zote tatu zibaki. Mwandishi aliyefuta neno, fuateni maelekezo ya jukwaa ya mwaka huo kuhusu maneno yaliyofutwa. Neno lisilosomeka liwekewe alama iliyopangwa. Msikisie, kwa sababu kisio huonekana kama ukweli kwa atakayetafuta baadaye. Herufi za karne ya 19 zina hila zake: s mbili zinazofuatana mara nyingi huonekana kama "fs" au "p", na herufi kubwa za I na J hufanana. Tengenezeni karatasi ya mifano kutoka nyaraka za mwaka huo, mchape moja kwa kila meza.

Waambieni watu mapema kwamba nyaraka zinaweza kuwa na matusi ya ubaguzi na habari za kuuzwa kwa watu. Huandikwa kama zilivyo. Mtu akitaka kubadilisha ukurasa, abadilishe bila kuulizwa sababu. Saa tatu zinatosha. Mlango uwe wazi ili mwenye kipindi aingie na kutoka.

Mgeni wa kuzungumza

Mwalikeni mtu ambaye kazi yake inagusa mji wenu au jimbo lenu kabla ya kumfikiria mtu maarufu wa televisheni. Mwanahistoria wa kaunti, mchungaji wa kanisa kongwe la Weusi mjini, mhariri wa gazeti la zamani la Weusi: hawa huja kwa ada mnayoiweza na hujibu maswali ambayo mgeni wa mbali hawezi. Msimwombe mtu Mweusi azungumze bure kwa sababu "ni kwa ajili ya jamii" huku chuo kikilipa fundi wa taa.

Malipo ya chuo huchukua wiki nyingi. Mkazi wa Marekani atajaza fomu ya kodi ya W-9. Asiye mkazi atahitaji fomu nyingine na huenda akakatwa kodi. Mkimwalika mtu kutoka Nairobi au Dar es Salaam mwenye viza ya matembezi ya B, sheria inamruhusu kupokea ada ya heshima chuoni kwa shughuli isiyozidi siku 9 katika chuo kimoja, na asiwe amelipwa hivyo na zaidi ya vyuo 5 katika miezi 6 iliyopita. Mwanafunzi mwenzenu wa viza ya F-1 anayepiga ngoma au kuimba ni hatari zaidi: kumlipa ada bila idhini kunaweza kumgharimu viza yake. Ulizeni ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kumwahidi hata dola 50.

Mada iwe swali lenye mipaka. "Weusi katika Marekani ya leo" haina mwisho wala mwanzo. "Kwa nini reli ya mji huu ndiyo iliyogawa mitaa ya Weusi na Weupe" inajaza chumba. Dakika 35 za mhadhara, 25 za maswali, na maswali mawili ya kwanza yawe yamepangwa kwa wanafunzi ili ukimya usitawale.

Chakula

Hapa ndipo aibu za kitaifa hutokea. Februari 2018 bwalo la chuo kikuu kimoja cha New York lilitoa mlo wa mwezi huu uliokuwa na mbavu, mkate wa mahindi, majani ya collard na vinywaji vyekundu vya unga vya Kool-Aid pamoja na maji ya ladha ya tikitimaji, na waliohusika wakafukuzwa kazi. Vyakula vingine katika orodha hiyo ni vya heshima mezani kwa Wamarekani Weusi. Ubaya ulikuwa kwamba vilipangwa bila wao, vikatupwa mezani bila neno, na vinywaji vile na tikitimaji ni dhihaka ya miaka mingi. Orodha ya chakula itungwe na wanafunzi Weusi wa Marekani wa chuo hicho, na kila sufuria iwe na kadi ya mistari mitatu inayoeleza chakula kilitoka wapi.

Kuna mengi ya kueleza. Kunde na bamia vilivuka Atlantiki kutoka Afrika pamoja na watu waliotekwa, na ujuzi wa Waafrika Magharibi wa kulima mpunga ndio uliotajirisha mashamba ya South Carolina. Wali wa kunde unaoliwa huko mwaka mpya hautakuwa mgeni kwa mtu wa pwani yetu. Collard yenyewe ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki, ila huchemshwa saa moja na zaidi na nyama ya moshi.

Kwa watu 60: mchele mkavu kilo 4.5, kunde kavu kilo 3 zilizolowekwa usiku kucha, collard mbichi kilo 9 ambazo zitanywea hadi kustaajabisha. Mapishi ya kawaida hutumia nguruwe wa moshi. Badilisheni kwa bata mzinga wa moshi, ambaye Wamarekani Weusi wengi wenyewe hutumia siku hizi, na sufuria moja ya kunde na moja ya majani zisiwe na nyama kabisa. Wekeni vijiko tofauti na vibao vya maandishi makubwa. Kama mnataka Waislamu wale bila shaka, bata mzinga awe halali na risiti iwepo. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kilichokaa nje ya joto kwa saa mbili kitupwe. Vyuo vingi haviruhusu chakula kilichopikwa nyumbani kuuzwa au kugawiwa katika shughuli rasmi, kwa hiyo tafuteni mgahawa wa Mmarekani Mweusi mjini wenye leseni na bima; nyaraka hizo mbili huombwa wiki tatu kabla.

Dansi ya kukanyaga, filamu, na mengine kwa ufupi

Dansi ya kukanyaga na kupiga makofi, iitwayo stepping, ni mali ya vyama tisa vya kihistoria vya wanafunzi Weusi, vinavyounganishwa na baraza lililoanzishwa Howard mwaka 1930. Chama kongwe, Alpha Phi Alpha, kilianzia Cornell mwaka 1906. Alama za mikono, miito na hatua za kila chama si za kuigwa na asiye mwanachama, hata kwa nia njema, na hata kama dada yenu anazijua kutoka video. Waalikeni wenyewe mapema Septemba, wapeni jukwaa la mbao lisilo na zulia, na fundi aweke vipaza sauti viwili bapa sakafuni, kwani sauti ya miguu ndiyo muziki.

Filamu inayoonyeshwa ukumbini inahitaji leseni ya kuonyesha hadharani hata kama kiingilio ni bure, na akaunti ya mtu binafsi ya huduma za intaneti haitoi haki hiyo. Mkutubi atawaambia ni filamu zipi maktaba imekwisha kuzilipia.

Kwanzaa, sikukuu ambayo Maulana Karenga aliianzisha California mwaka 1966 kwa maneno ya Kiswahili, haimo Februari. Ni 26 Desemba hadi 1 Januari, vyuo vikiwa vimefungwa, ndiyo maana huadhimishwa mapema Desemba kabla ya mitihani. Mkiombwa kusaidia matamshi, saidieni kwa unyenyekevu. Sikukuu ni yao. Mishumaa saba kwenye kinara, mmoja mweusi, mitatu myekundu na mitatu ya kijani, inahitaji kibali cha moto au iwe ya betri.

Sheria za majimbo

Tangu 2023 majimbo kadhaa yamezuia vyuo vya umma kutumia fedha kwa programu za usawa na ujumuishaji. Sheria ya Texas, SB 17, ilianza kutumika 1 Januari 2024. Lakini haigusi shughuli za chama cha wanafunzi kilichosajiliwa, ufundishaji darasani, wala wageni wa muda mfupi. Kwa hiyo shughuli iwe na jina la chama cha wanafunzi, maktaba au idara ya taaluma, na iwe wazi kwa kila mtu. Tangazo liseme hivyo waziwazi. Afisa akikataa jambo kwa mdomo, mwombeni kifungu kwa barua pepe. Mara nyingi katazo hutokana na hofu ya ofisi kuliko sheria yenyewe.

Machi

Wiki ya kwanza ya Machi, kabla wanachama hawajatawanyika kwa likizo ya masika, mpelekeeni mkutubi wa nyaraka mafaili ya mabango, picha za matukio, programu zilizochapwa na rekodi za sauti za wahitimu. Rekodi bila fomu ya ruhusa iliyotiwa saini haitapokelewa, hivyo saini zichukuliwe siku ileile ya mazungumzo, kabla kipaza sauti hakijazimwa. Yapeni mafaili majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, kisha tukio, kisha namba: 2027-02-12_maonyesho_03. Bajeti halisi, yaani kilichotumika na siyo kilichoombwa, iambatanishwe pamoja na majina ya ofisi zilizotoa vibali, ili kamati ya Septemba ijayo iwe na pa kuanzia.